Mkojo Ulioazimwa

Nyie vijana mnaoanza kazi ya uuguzi, na nyie wengine mliofika hapa kwa sababu kichwa cha habari kimewachekesha, tuelewane mapema. Mimi ni bibi wa miaka themanini kasoro, magoti yameshanistaafisha mara ya pili, na subira sina. Subira yangu ilimalizwa na wanaume wa huku mlimani Kilimanjaro, kidogo kidogo, kwa miaka yote niliyofanya kazi kwenye zahanati moja ya Marangu. Nikifoka, vumilieni.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza na kulea kuku wangu. Lakini juzi mjukuu wangu anayeendesha bodaboda kule Pasua, Moshi mjini, alikuja kunisalimia. Shikamoo bibi, marahaba, akakaa. Akafungua kikopo cha kile kinywaji cha kuongeza nguvu, na haikuwa hata saa nne asubuhi. Akazungumza habari za mvua, habari za bei ya mafuta, habari za shangazi yake. Alipofika mlangoni kuondoka akageuka, akatoa mfukoni pakiti ya unga yenye picha ya simba. "Bibi, wewe si ulikuwa nesi? Hii inafaa?" Nikamwuliza inafaa kwa nini. Akaangalia sakafu.

Miaka ishirini na sita, hajalala vizuri tangu Jumatatu, chakula chake ni chipsi, maji hanywi, sigara anavuta kwa kujificha kana kwamba mimi sina pua. Halafu anataka unga wa simba umrudishie nguvu za kiume! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Baada ya kutulia nikaona kwamba kosa si lake peke yake. Hakuna aliyemwambia. Sisi tulioyaona mambo haya tumekaa kimya, tukijifanya ni aibu. Basi leo nasema.

Jambo la kwanza la kazi, na hili hamtalikuta kwenye daftari la chuo. Mwanaume akiwa na tatizo la chumbani halisemi akiwa ameketi. Atasema ana kikohozi. Utampima kifua, kifua kizima. Atasema ng'ombe wake hali majani. Atakuuliza unatoka ukoo gani. Utamwandikia vidonge vya mafua, atashukuru, atasimama, na akishashika mlango ndipo atasema, "Halafu, nesi..." Hapo ndipo ugonjwa unapoanza. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nimeshaita mgonjwa mwingine kabla hajamaliza hiyo "halafu," na wengi walienda zao na tatizo lao. Baadaye nilijifunza nikahamisha kile kiti cha mgonjwa nikakiweka karibu kabisa na mlango, mkono wake uweze kufika kwenye kitasa bila kusimama. Mganga wetu, yaani tabibu wa zahanati, alidhani nimechanganyikiwa. Lakini wanaume walianza kusema.

Na mimi pia nimekosea, sijifanyi malaika. Kulikuwa na mzee mmoja aliyelalamika kwamba amechoka, chumbani hali si nzuri. Nikamwona amekonda, hali mboga, nikamdunga sindano ya vitamini. Sindano tu ya vitamini, jamani. Sijui ni moyo wake uliopata matumaini au ni nini, lakini wiki iliyofuata alikuwa anatembea kijijini kama jogoo aliyeshinda. Siku ya kliniki nilikuta wanaume wamejaa kwenye benchi la wajawazito. Wote wana afya, wote wamekunja mkono wa shati tayari. "Ile ya mzee, nesi." Nilipowaambia dawa yao ni kupunguza mbege, pombe yetu ya ndizi, na kwenda kulala mapema, walinitazama kama mtu aliyewanyima haki yao. Miaka kumi baadaye bado walikuwa wanaiulizia. Niliwafundisha mwenyewe kwamba nguvu zinatoka kwenye sindano, na sikuweza kuwafundisha vinginevyo.

Aliyenifungua macho ni Mzee Zakaria, mtu wa Upareni, mhudumu wetu wa maabara. Nasema maabara, lakini ilikuwa meza moja, taa ya spiriti, na chupa za dawa alizozipanga kama mama anavyopanga vikombe vya harusi. Siku hizi mnachovya kile kikaratasi, mnahesabu kidogo, mmemaliza. Sisi tulikuwa na maji ya buluu kwenye mrija wa kioo. Unadondosha matone manane ya mkojo, unashika mrija kwa koleo ya mti, unauchemsha juu ya taa huku ukiutikisa, na mdomo wa mrija usielekee uso wa mtu, maana ukiruka utajuta. Ukibaki buluu, hakuna sukari. Ukigeuka kijani, kuna dalili. Ukienda njano, machungwa, hadi rangi ya tofali, mgonjwa akae chini mzungumze.

Mzee Zakaria alikuwa na msemo wake kuhusu wanaume waliokuja kushika kitasa. "Binti, nguvu za kiume ni damu. Damu ikipita vizuri, mtu yuko vizuri. Sigara inabana njia, mafuta yanaziba njia, sukari inatoboa njia, pombe inamlaza mwenye njia. Kabla hujampa kitu, uliza njia yake imekuwaje." Na alinifundisha kuangalia viatu. Mwanaume mwenye sukari nyingi, mkojo ukimrukia kwenye kiatu, ukikauka huacha madoadoa meupe. Nilimcheka sana siku ile.

Sasa niwaeleze habari ya Kundaeli, maana kwa sababu yake nilikaribia kumwangamiza mwanamke asiye na kosa.

Kundaeli alikuwa mpima kahawa wa kijiji. Siku ya kupima, watu walitoka kwenye vihamba vyao, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, wakabeba magunia hadi kwenye mzani, na Kundaeli alikuwa amekaa pale kama chifu. Alikuwa na kiti chenye mto. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na tumbo lililomtangulia. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa themanini, sukari inatafutwa kwa foleni, sabuni kwa foleni, wananchi wanakunywa chai ya chumvi. Lakini mpima kahawa hakukosa sukari. Kila aliyetaka gunia lake lipimwe mapema alijua la kufanya, na Kundaeli alitia kwenye kikombe kimoja vijiko vitano, mbele za watu, ili waone. Sisi wengine tulinyimwa sukari na nchi na tukawa na afya, yeye akajitafutia ugonjwa kwa juhudi zake mwenyewe. Kwenda kazini na kurudi hakuwa akitembea. Lori la kahawa lilimchukua na kumrudisha. Saa tano asubuhi tayari alikuwa na kata ya mbege mkononi, na jioni anaongeza nyingine, sigara, na nyama ya mbuzi yenye mafuta, akisema inatia nguvu.

Basi siku moja akaja zahanati, akaketi kwenye kiti changu cha mlangoni. Akazungumza kuhusu barabara. Halafu akashika kitasa. "Halafu, nesi."

Ilikuwa mwaka mzima hawezi kitu na mkewe. Nilimwuliza kama anaamka usiku kukojoa. Mara nne, tano. Kiu? Sana. Nikamwambia, Baba, hilo linaweza kuwa sukari, kesho asubuhi niletee mkojo wako wa kwanza kwenye chupa safi. Akaniangalia kwa wasiwasi. "Mnapima nini humo?" Nilikuwa na foleni ya watoto wenye surua, wanalia wote kwa pamoja. Nikamjibu kwa haraka, "Tunapima hali yako." Sikueleza zaidi. Hilo ni kosa langu la kwanza, liwekeni akilini.

Kesho yake chupa ililetwa, Mzee Zakaria akachemsha. Buluu, safi kama anga la Januari. Nikaandika cheti kwa mkono wangu: mkojo hauna sukari, hali nzuri. Nikampa, nikamwambia apunguze mbege na arudi baada ya mwezi. Hakurudi.

Kumbe cheti changu kilienda kwenye kikao cha ukoo. Kundaeli alisimama mbele ya kaka zake na wajomba akakisoma kwa sauti. Akasema, mimi niko salama, imeandikwa na serikali. Kama mimi niko salama na mambo hayaendi, basi tatizo ni mwanamke. Amenilisha kitu, au ana mwanaume mwingine aliyenifunga kwa dawa. Wakakubaliana Aikande, mkewe aliyeishi naye miaka kumi na minne, mama wa watoto wake watatu, arudishwe kwao Mwika. Na tayari alikuwa na msichana wa Himo machoni.

Nyie wa leo mnaweza msielewe maana yake. Mwanamke wa huku akitoka kwenye kihamba, ametoka kwenye kila kitu. Migomba aliyoipanda, ng'ombe anayemkatia majani, watoto, hata mahali atakapozikwa. Watoto ni wa kihamba, na kihamba ni cha mume. Yeye anaondoka na nguo zake.

Walimtoa siku ya kupima kahawa. Alipita na furushi kichwani mbele ya foleni nzima, na Kundaeli yuko pale kwenye mzani, hakuinua uso. Kisha Aikande akaja moja kwa moja zahanati. Nilikuwa naosha mabomba ya sindano. Hakusema shikamoo, hakusema hujambo.

"Ni wewe uliyeniandika."

Nikamwuliza nimemwandika nini. Akanieleza yote, kikao, cheti, mwandiko wangu. Nikajitetea, nikasema Mae, mama, kipimo ni kipimo, mkojo wake ulikuwa safi.

Akacheka, kicheko kibaya. "Safi? Nesi, mimi ndiye ninayefagia nyuma ya nyumba. Pale mume wangu anapokojoa sisimizi wamejenga mji. Kwa watoto hawaendi, kwangu hawaendi, wanaenda kwake tu. Wewe umesoma, niambie sisimizi wanafuata nini."

Nilijua kabisa wanafuata nini. Akajitwika furushi lake akaondoka kuelekea Mwika kwa miguu, na mimi nikabaki nimeshika bomba la sindano kama mjinga.

Nilienda kwenye mzani siku hiyo hiyo. Niliangalia viatu tu. Viatu vyeusi vya ngozi, na kwenye ncha zake madoadoa meupe kama amekanyaga chokaa. Nilimwita pembeni nikamwambia kipimo kirudiwe. Akakataa. "Umeshaandika, nesi. Serikali haiandiki mara mbili." Watu wanatuangalia, magunia yanasubiri. Nikarudi nimekasirika hata chakula hakikupita.

Haukupita muda, akaja zahanati mdogo wake, Elinami. Huyu alikuwa mpagazi wa mlimani, anabeba mizigo ya wageni hadi kwenye vibanda vya kulala kule juu na kushuka, mwembamba, miguu kama nguzo. Kidole cha mguu kilikuwa kimechubuka. Nikiwa namfunga bandeji akanitania, "Nesi, na ule mkojo wangu uliuonaje? Ulikuwa na nguvu?"

Nikaacha bandeji. "Mkojo wako upi?"

"Ule aliouomba kaka. Alisema mnapima nguvu za ukoo, nikampa."

Nilikaa chini. Mnaelewa? Kundaeli alidhani tunapima nguvu. Na kwa kuwa kipimo kinaandikwa, na kikiandikwa kijiji kitajua, akaenda kumwazima aliye na nguvu kuliko wote kwao. Mtu anayepanda mlima na kilo za watu mgongoni, hanywi pombe mpaka ashuke, saa mbili usiku ameshalala kwa uchovu. Bila shaka mkojo ule ulikuwa buluu! Ungekuwa na rangi gani nyingine? Huku kwetu mtu huazima jembe, huazima ng'ombe wa kukamua, huazima hata mzee wa kumsemea kwenye posa. Kundaeli hakuona ajabu yoyote. Na mimi sikuona ajabu kwamba mtu ameleta chupa kutoka nyumbani na sikuuliza ni ya nani. Tangu siku ile hakuna mwanaume aliyeniletea chupa kutoka nyumbani. Choo kile pale, nakusubiri hapa. Hilo ni kosa la pili, nalo liwekeni akilini.

Elinami alipojua shemeji yake amefukuzwa kwa sababu ya mkojo wake, uso ulimbadilika. Hakungoja hata bandeji ikamilike. Jioni ile ile alimleta kaka yake, sijui alimwambia nini njiani, lakini Kundaeli aliingia ameinamisha kichwa. Mzee Zakaria akampa chupa, akamwonyesha choo. Aliporudi, mzee akampa koleo na mrija. "Shika mwenyewe, mbe, bwana wangu. Uone kwa macho yako."

Kundaeli akashika. Maji ya buluu yakachemka, yakawa kijani, na kabla hajapumua yakawa njano, yakawa machungwa, yakatulia kwenye rangi ya tofali lililoiva. Elinami alitoka nje.

"Ni uchawi?" Kundaeli akauliza kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo nililipuka. Nilimwambia yote, na nitawaambia na nyie kwa sababu ni yale yale. Hakuna aliyekulisha kitu isipokuwa mkono wako mwenyewe na kijiko. Sukari imeharibu mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, na kiungo kile hakina akili yake, kinategemea damu kama viungo vingine. Ukikiona kimelala, mara nyingi mwili mzima unakupa taarifa mapema, kabla ya moyo, kabla ya macho, kabla ya miguu. Uwashukuru wale sisimizi. Nikampa barua ya kwenda hospitali kubwa kule chini Moshi akaanzishiwe vidonge. Na nikamwambia vidonge peke yake ni kazi bure. Sukari kwenye chai, basi. Mbege, basi, na asiniambie ni chakula. Sigara, basi. Mafuta ya mbuzi awaachie mbwa. Ale maharage, mboga za majani, ndizi kwa kiasi na si sinia. Lori la kahawa aachane nalo, atembee kwa miguu kwenda na kurudi, kila siku, hata mvua ikinyesha. Alale. Na mambo ya chumbani ayazungumze na mkewe, maana hofu nayo humlaza mtu.

"Mke gani?" akasema. "Hayupo."

"Basi kamrudishe."

"Nikipona, nesi. Siwezi kumrudisha nikiwa hivi. Nitamwambia nini? Acha kwanza niwe mwanaume."

Wanaume hawa! Yaani mwanamke akae kwao amechafuliwa jina, watoto wanalala bila mama, msichana wa Himo anasubiri, mpaka bwana mkubwa apate nguvu. Nilimwuliza mwanaume ni nani kwake. Akachukua barua yake akaondoka.

Lakini kutembea alitembea, hilo sitamnyima. Mwanzoni watu walimcheka, anahema kama mbuzi aliyefukuzwa, anasimama kila mgomba. Elinami alimtangulia akiwa hayuko mlimani, anamwita, anamtania. Mwezi wa pili suruali ikaanza kumlegea. Mzee Zakaria alimpima kila wiki, mkojo wa papo hapo, na rangi ikawa inarudi nyuma: machungwa, njano, siku moja kijani. Siku hiyo ya kijani alicheka kama mtoto. Nikamwuliza, na Aikande? Kicheko kikaisha.

Mwishoni alituma jani la isale kwa kina Aikande. Ninyi mliokulia mjini, isale ni ule mmea wa mipakani mwa vihamba, na mtu akikuletea jani lake amekuomba msamaha, nawe huna ruhusa ya kumkatalia. Nilifurahi sana kusikia, mpaka niliposikia amempa nani alipeleke. Elinami! Mkojo kaazima, na sasa toba nayo anaazima. Nilitamani kumchapa.

Elinami aliniambia mwenyewe yaliyotokea Mwika. Baba yake Aikande alilipokea jani kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka. Aikande akatoka jikoni akamsalimia shemeji yake vizuri, akampa kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, pamoja na maziwa. Kisha akasema, "Isale limefika, nimelipokea, sina kinyongo. Lakini wewe Elinami hujanikosea. Aliyenikosea sijamwona."

Kundaeli alipopata majibu hayo alikuja kwangu asubuhi, bila kushika kitasa. "Nesi, twende wote. Wewe utanisemea."

"Twende," nikamwambia, "lakini kusema sitasema."

Tulitembea hadi Mwika. Hakupumzika njiani, nilipumzika mimi. Mbele ya baba mkwe alisimama anageuza kofia mikononi, mara ananiangalia mimi. Nikaangalia kuku. Mwishowe akasema maneno mawili tu, "Baba, nimekosa." Mzee akamwambia akae.

Aikande hakukaa. Alisema, "Nitarudi. Wanangu wako kule. Lakini sitarudi kwa njia ya nyuma kama mwizi. Nilitolewa siku ya kupima kahawa, watu wote wanaona. Nitaingia siku ya kupima kahawa."

Kundaeli alifumba macho. Nilijua anachokiona: foleni nzima, magunia, midomo. Nilidhani atakataa, na akikataa yote yamekwisha. Akasema, "Sawa."

Siku ya kupima ilipofika niliacha zahanati kwa Mzee Zakaria, mganga akasirike akitaka. Nilisimama na watu kwenye mzani, mahali pa Kundaeli amekaa msaidizi wake. Wakatokea barabarani wawili, Aikande mbele, mikono mitupu, na Kundaeli nyuma yake, furushi la mkewe liko kichwani kwake. Huku kwetu mwanaume habebi furushi la mwanamke kichwani. Wapagazi hubeba, lakini ni mizigo ya wageni, na ni kazi. Foleni ikaanza kuguna, halafu kucheka. Mmoja akapaza sauti, "Mpima kahawa, umeajiriwa mlimani?"

Kundaeli akajaribu utani. "Daktari ameniambia nitembee."

Watu wakacheka zaidi, na pangeishia hapo kwa kicheko, naye angependa paishie hapo. Lakini Aikande alisimama katikati ya barabara. Hakugeuka. Kundaeli naye ikabidi asimame, na furushi kichwani, mbele ya watu aliowapimia kahawa miaka tisa.

"Mke wangu hana kosa," akasema. "Cheti nilichosoma hakikuwa cha mkojo wangu, kilikuwa cha mdogo wangu. Mimi nilikuwa mgonjwa, nikamfukuza aliye mzima. Na hata sasa bado ni mgonjwa."

Kicheko kilikatika. Kaka yake mkubwa, aliyeongoza kile kikao, alikuwa kwenye foleni na gunia lake. Alikaa juu ya gunia akaangalia chini. Nilitaka kulia, na nilikuwa na hasira za miezi, vyote kwa pamoja.

Aikande akasikia alichotaka kusikia. Akaanza kutembea tena kuelekea nyumbani, polepole, ili mume wake mwenye mzigo aweze kumfuata.